Siku Lori la Taka Lilipobeba Harusi

Nakumbuka tulipokuwa wadogo pale Ngara, kabla watoto hawajaharibika. Najua kuna wakubwa watakaosoma hapa na kuguna: huyu kijana bado anavaa kaptura ya shule, ndevu anazitafuta kwa kioo, ana utoto gani wa kukumbuka? Waacheni wagune. Wenzangu tuliokulia kwenye vile vichochoro mnanielewa. Enzi zetu zilikwisha asubuhi ile lori lilipoingia, na tangu hapo sisi ni wazee.

Kabla ya lori kulikuwa na Kapteni. Kapteni alikuwa maksai mweusi, pembe moja imeelekea Thika na nyingine Limuru, naye ndiye aliyevuta mkokoteni wa taka. Nyuma yake alitembea Mzee Mukhwana, polepole, kama mtu anayesindikiza mgeni asiyetaka aondoke. Kila mlango alisimama akabisha. "Mama, kuna nini leo?" Mama yangu angetoa debe la majivu na maganda ya viazi, kisha wangeulizana habari za nyumbani Bunyore: nani amejifungua, mvua imefika wapi, ng'ombe wa fulani amepatikana au bado. Kapteni naye alingoja bila haraka, akitafuna maganda ya njegere aliyowekewa na jirani yetu Mama Kusum, mke wa Mhindi muuza vitambaa. Uchochoro mmoja ulimaliza asubuhi nzima na hakuna aliyelalamika.

Sisi tulipanda nyuma ya mkokoteni huo kama wafalme. Harufu? Hiyo tuliizoea. Kulikuwa na majivu, maranda ya mbao mbichi kutoka karakana ya Bwana Gurdial, bizari inayokaangwa kwa Mama Kusum, na Kapteni mwenyewe, ambaye hakuwa na aibu yoyote njiani. Tukiona mkebe wa maziwa kwenye taka, huo ulikuwa motokaa. Vifuniko vya chupa vilikuwa magurudumu. Watoto wa siku hizi wananunuliwa gari la dukani, likivunjika wanalia hadi kamasi. Sisi likivunjika tulirudi kwa Mzee Mukhwana kuchukua jingine. Mama alikuwa akinitishia, "Jotham! Nikikuona tena juu ya hilo gari, leo utalala na huyo ng'ombe!" Mimi nilitamani atimize.

Basi siku moja akaja karani, soksi zimevutwa hadi magotini, na nyuma yake vijana wamebeba mapipa. Mapipa mapya ya bati, yanang'aa mpaka unajiona meno, kila moja na kifuniko chake. Kila nyumba pipa moja. Karani akapanda juu ya jiwe akatangaza kwamba mji sasa ni wa kisasa, kwamba litakuja lori, na kwamba wachukuzi watabeba kilichomo ndani ya pipa tu. Kilicho nje ya pipa hawatakigusa. Akauliza kama kuna swali. Watu walikuwa wanatazama mapipa.

Karani alipopinda kona, Mama Kusum akagonga pipa lake kwa kidole, likalia kama kengele ya kanisa.

"Mama Jotham," akasema, "hii kitu zuri sana. Wewe utaweka taka?"

"Taka?" mama akashangaa. "Ndani ya chombo kama hiki? Mimi si mwendawazimu."

Nyumbani kwetu wakati huo kulikuwa na jambo kubwa. Shangazi Rodha, dada yake baba, alikuwa anaolewa Jumamosi. Baba alikuwa fundi kwa Bwana Gurdial, sisi tukiishi vyumba vya nyuma, na wazee wote wa ukoo walikuwa wanakuja kwa treni kula harusi pale kwetu. Bibi alikuwa ametangulia kutuma unga wa wimbi uliochanganywa na muhogo, kwa sababu wazee wa kwetu wakikosa ugali mweusi husema hawakula, hata uwape ng'ombe mzima. Tena husema kwa sauti, na hurudi nyumbani kuendelea kusema. Mama ndiye mke wa kaka mtu. Aibu ingekuwa yake. Kwa wiki nzima alikuwa akipigana na panya juu ya lile gunia, anaamka na fagio, anarudi kulala, anaamka tena. Sasa Mungu amemletea pipa lenye kifuniko! Unga wote ukaingia humo, pipa likawekwa nje kando ya mlango maana ndani hapakuwa na nafasi, na mama akalala usingizi kama mtoto.

Msidhani tulikuwa peke yetu. Mama Kusum aliweka unga wake wa chapati. Bwana Gurdial, singasinga mwenye ndevu za kutosha watu wawili, alilowesha vilemba vyake ndani ya pipa lake apate kuvitia rangi ya buluu. Na taka? Taka ilibaki kwenye madebe yetu yenye kutu, kama kawaida, imepangwa vizuri kando ya mapipa.

Mmeshaona linakokwenda.

Lori lilikuja asubuhi ya Alhamisi likipiga honi hadi kuku wakapanda ukuta. Vijana wakaruka chini kabla halijasimama. Hakuna hodi, hakuna habari ya nyumbani. Pipa juu, pipa chini, paa! Pipa juu, pipa chini, paa! Sisi watoto tulipiga makofi, maana hatukuwahi kuona watu wazima wakikimbia bila kufukuzwa. Mama alikuwa mferejini. Aliporudi na ndoo kichwani alikuta wingu la vumbi la kahawia limesimama uchochoroni, pipa letu liko tupu, na debe la maganda ya ndizi halijaguswa hata kidogo.

Ndoo ilianguka.

"Hiyo ni harusi!" akapiga kelele. "Simameni! Mmemwaga harusi!"

Lori lilikuwa limeshaondoka. Mama akalifuata na kiatu kimoja. Mama Kusum akalifuata, sari ameikunja mpaka magotini. Bwana Gurdial akatoka karakanani na kitaulo kichwani akalifuata pia, kwa sababu kilemba chake kimoja kilikuwa kimenasa kwenye ubavu wa lori na kinafunguka, yadi baada ya yadi, buluu tupu, kinapepea barabarani kama bendera ya nchi ambayo haijapatikana. Na nyuma yao sisi, watoto wote wa Ngara, na mbwa.

Aliyetuokoa ni Mzee Mukhwana. Alikuwa amepewa kazi kwenye lori, utingo, anashikilia nyuma kwa mikono miwili akiwa amefumba macho kwa woga wa mwendo. Akasikia sauti anayoijua, akayafumbua, akapiga bati kwa ngumi mpaka lori likasimama.

"Mzee Mukhwana!" mama anahema. "Hata wewe? Hata kuuliza?"

"Mama Jotham, nimekatazwa," akajibu, karibu analia. "Wanasema nikiuliza tunachelewa."

"Tunachelewa kweli!" dereva akapaza sauti. "Nina mtaa mzima wa Loresho unaningoja!"

Mama akapanda juu ya gurudumu akachungulia. Unga wa bibi ulikuwa juu ya matumbo ya samaki, na unga wa Mama Kusum juu yake, na maji ya buluu juu ya yote. Akachota kiganja kimoja, akanusa, akakiachilia. Mama yangu kunyamaza, hilo lilitutisha kuliko lori.

Bwana Gurdial alikunja kilemba chake taratibu. Mama Kusum ndiye aliyeuliza, "Harusi lini?"

"Jumamosi."

"Wazee nakula dengu?"

"Hawaijui."

"Basi watajua."

Ijumaa yote uchochoro ulikuwa jiko. Unga mpya wa ngano ukatoka kwa Bwana Gurdial, dengu na samli kwa Mama Kusum, na mama akafundishwa kusukuma chapati. Za Mama Kusum zilikuwa mwezi. Za mama zilikuwa ramani, nyingine zina hadi ziwa.

Jumamosi wazee wakaketi. Mkubwa wao, kaka yake babu, akanawa, akaletewa chapati ya kwanza. Akaiinua kwenye mwanga. Akaigeuza. Kisha akajifuta nayo mikono vizuri, kidole kwa kidole, akaikunja akaiweka kando, akasema, "Asanteni. Sasa leteni chakula."

Mama alitamani ardhi ipasuke. Lakini yule mzee vidole vyake vilikuwa vimeshika samli. Akavilamba. Akakitazama kile kitambaa alichokiweka kando, akakirudisha polepole, akakitafuna chote, kisha akasema kwa sauti ambayo ukoo mzima ulisikia: "Mke wa mwanangu, ongeza vitambaa."

Leo mdogo wangu yuko darasa la tatu. Ukimwambia habari za Kapteni anauliza alikuwa motokaa ya aina gani. Kapteni alipelekwa Uthiru kwa mtu mwenye shamba kubwa la majani. Hivyo ndivyo tulivyoambiwa, na tulikuwa katika umri wa kuamini. Mzee Mukhwana bado hupita, lakini hupita mbio, mkono mmoja juu, na salamu tunaipata akiwa ameshapinda kona. Uchochoro ni safi, nakubali. Unamalizika kabla chai haijachemka, na hakuna anayejua nani amejifungua Bunyore.

Bibi bado hutuma unga wa wimbi, na mama bado anauweka ndani ya pipa, pale pale nje, maana panya nao bado wapo. Watoto wa leo humcheka, hawajui chochote. Lori likipiga tu honi kule kona, mama huacha sufuria motoni, hutoka na kanga yake, na kuketi juu ya kifuniko mpaka lipite.