Tarehe ya Juu Ubaoni

Kila wiki maandishi ya mwalimu wa hesabu yalianza chini zaidi ubaoni. Winfred, aliyefundisha darasa jirani hapo shule ya Mumbuni, alizoea kumwona akiandika kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiinua kiwiko, kama mtu anayemsaidia mgonjwa kusimama. Bega lilipoanza kuuma mwalimu huyo alilifunga kwa leso ya mkewe mwezi mzima, akidhani linapumzika, kumbe linakakamaa. Sasa hospitalini wamemwagiza apandishe vidole ukutani kila siku, polepole, asiulazimishe mkono ukikataa.

Asubuhi moja Winfred alimkuta peke yake darasani, vidole vikipanda ukuta kama buibui aliyechoka. Vikafika usawa wa macho, vikagoma. Akashusha pumzi, akachora alama ya chaki, juu kidogo tu ya ile ya jana. Pale juu kabisa ubaoni palibaki tarehe ya Februari, imefifia, na sasa ni Julai. Winfred akachukua kifutio.

"Ngoja nikufutie, mwalimu."

"Wacha tu, madam," akasema bila kugeuka. "Hiyo niliiandika mwenyewe. Nitaifuta mwenyewe."