Watoto wa Shangazi

Asubuhi za Kianjokoma, ukungu ukishashuka kutoka mlimani na kufunika majani ya chai, hata sauti huja polepole, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya blanketi. Ndivyo ninavyoikumbuka sauti ya baba watoto msimu ule. Yuko zizini anakamua, huku akiimba: tatu mara moja, tatu, tatu mara mbili, sita. Maziwa yanapiga ndoo, na binti yetu wa Gredi ya Tatu anaitikia kutoka jikoni, macho bado yamefumba. Mimi nakoroga uji nikiwa nusu usingizini.

Wimbo huo uliniudhi sana. Mwalimu alikuwa ameniita akaniambia, "Mama, kuzidisha hakumwingii huyu mtoto. Nikimuuliza ananyamaza tu. Asipobadilika, muhula ujao hesabu atafanyia Gredi ya Pili." Gredi ya Pili! Mtoto mrefu vile, akae na wale wa kupanguswa kamasi? Nilirudi nyumbani nikilia, na sikujali nani ananiona.

Basi vita vikaanza. "Sisi tuliimba, tukachapwa, tukajua," akasema baba watoto.

"Ulijua kuimba! Ukiulizwa saba mara nane si lazima uanzie saba mara moja?"

Alicheka, kisha akanuna mpaka chakula cha jioni. Mimi nilishika njia ya siku hizi, ile ya vikundi. Nikamwaga maharagwe kwenye uteo, matatu hapa, matatu pale. Mtoto alijibu hata kabla sijamaliza kuyapanga. Akaenda kwa babake, akaimba bila kukosea. Kila mmoja wetu akajisifu. Na shuleni? Kimya kama kawaida. Aki nilitaka kupiga nduru.

Alasiri moja ilikuwa inanyunya, na moshi wa kuni ulikuwa umekataa kutoka nje. Mama mkwe alikuwa anaambua maharagwe, binti yangu amemwegemea gotini. Nikauliza kwa upole, kwa sababu hasira zilikuwa zimeniishia, "Hebu niambie, mwalimu anakuulizaje?"

Akamtazama nyanyake kwanza. "Anasema, shangazi wanne, kila mmoja ana watoto watatu. Watoto wote ni wangapi?"

"Haya. Ni wangapi?"

Akabana midomo. Mvua ikaendelea na shughuli zake juu ya mabati.

"Cucu alisema watoto hawahesabiwi," akasema, macho kwa nyanyake.

Ngai, Mungu wangu! Mimi ndiye niliyeolewa katika boma hili, nami nilikuwa nimesahau. Mama mkwe hamnyooshei mtoto kidole akasema mmoja, wawili. Wageni wakimuuliza wajukuu ni wangapi, hujibu tu, "Wako wote," kisha anawaongezea chai. Na yule mwalimu, maskini, alitaka mifano ya nyumbani, tamu tamu, kwa hivyo kila swali lake limejaa watoto: watoto kwenye madawati, watoto wa jirani, watoto wa shangazi.

"Na kama ni maharagwe?" akauliza baba yake. Alikuwa amesimama mlangoni na ndoo.

"Kumi na mbili," akasema mtoto, hata hakuinua macho.

Tulitazamana, mimi na baba watoto. Kelele zote zile!

"Sasa mbona hukumwambia mwalimu?" nikauliza.

"Ningehesabu, mtoto angepotea." Akamtazama ndugu yake mchanga aliyelala kwenye kikapu, kisha akaelekeza kidevu nje, kwenye migomba. "Kama yule."

Yule ni kifungua mimba wetu. Tulimzika huko kabla binti huyu hajazaliwa, na hatumtaji. Sijui alisikia kwa nani. Mama mkwe aliacha kuambua. Nilimvuta mwanangu kifuani nikamkaza mpaka akalalamika.

Kesho yake nilienda kwa mwalimu, nikamwomba amuulize kwa ndizi, kwa mayai, kwa chochote kisicho na roho. Alianza kucheka, halafu akaniangalia usoni, akaacha. Akamwita mtoto, akamuuliza kwa ndizi, na mtoto akajibu zote. Habari ya Gredi ya Pili ikaishia hapo.

Mwalimu alinisindikiza hadi langoni, ukungu ukitulowesha vichwa. "Kwani mama, wewe una watoto wangapi?" akauliza, kupiga gumzo tu.

Nilifungua kinywa kusema wawili, kama ninavyosema siku zote.

"Wako wote," nikasema.