Rubani Niliyemfokea Angani

Jamani, nichekeni tu, mimi mwenyewe nimeshajicheka. Shule niliishia kidato cha pili, na kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Viwanja Sitini ni mbeba magunia tu. Ila kwenye gemu la mtandaoni la meli za anga mimi ni kapteni, na rubani wangu, mchezaji nisiyemjua, nilikuwa namfokea kama ng'ombe aliyeingia shambani.

Gemu hilo lina upungufu wake. Majina hayaonekani, na sauti zote zinatoka kama za roboti. Wenye gemu waliahidi kuwa toleo jipya litaleta sauti halisi. Nililisubiri kwa hamu, eti rubani asikie kapteni ana besi.

Juzi likafika. Umeme ulikuwa umekatika, wateja wamekaa juu ya magunia wanasubiri. Mmoja wao alikuwa baba yake mchumba wangu Neema, mstaafu wa kiwanda cha sukari kule Kidatu. Nilimpa shikamoo huku nimeinama karibu nipige goti, maana Jumapili mshenga wangu anapeleka posa kwake. Kisha nikajibanza nyuma ya lundo la pumba, nikafungua gemu.

"We rubani mzembe! Geuza meli, kichwa panzi wewe!"

Sauti yangu, na besi yake yote, ikatokea kwenye simu ya mtu upande wa pili wa pumba. Nikachungulia. Wateja wote walikuwa wamemgeukia baba Neema, naye simu mkononi, ananitazama.

Akavua kofia, akainama vilevile nilivyoinama mimi.

"Shikamoo, kapteni."