Foleni Iliyofupika Kliniki ya Wajawazito

Siku ya kwanza niliyoripoti kazini kama mhandisi wa programu za kompyuta, nilikuwa na mvi tayari. Nilikuwa nimefundisha hesabu sekondari miaka mingi kabla ya kwenda chuo kikuu kukaa darasa moja na vijana wa umri wa wanangu. Tulipohitimu tulitawanyika: huyu benki, yule kampuni ya simu, mwingine kazi yake kuzijaribu programu za wenzake mpaka kasoro zionekane. Mimi, mtu wa Singida, nikapangiwa Kyela, kwenye kituo cha afya ambacho sitakitaja.

Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alinipokea akicheka. "Mwalimu, foleni ya wajawazito inanitia aibu. Ifupishe."

Chuoni kuna somo la kukusanya mahitaji: kabla hujaandika chochote, kaa na watakaoitumia programu, waulize, watazame wanavyofanya kazi. Nililifaulu vizuri sana. Kisha nikajifungia ofisini nikaandika peke yangu. Kila mama alipaswa kutaja majina matatu ya mumewe, la sivyo kompyuta ilikataa kuhifadhi. Daftari la zamani nililifungia kabatini, watu wasirudie mazoea.

Siku tulipoanza, ilipofika saa nne asubuhi benchi lilikuwa karibu tupu. Mganga Mfawidhi akanipa mkono wa pongezi, nami nikavimba kichwa.

Muuguzi wa kliniki, mama Tusekile, mzaliwa wa hapo, akanivuta pembeni. "Mwalimu, foleni haijafupika. Watu wameondoka. Katika majina matatu ya mume limo la baba mkwe, na familia nyingi huku mke halitamki. Ni heshima. Atupele wa kijiji cha Ikolo naye ameondoka, na safari iliyopita presha yake ilikuwa imepanda."

Sitaficha, niliogopa. Tulikodi bajaji, nikawa naomba Mungu njia nzima. Tulimkuta anaanika mpunga, analalamika kichwa kinamuuma tangu asubuhi.

"Nisamehe, mama," nikamwambia. "Kosa ni langu."

"Ndaga, asante, baba. Lakini mtaniuliza tena?"

"Hakuna atakayekuuliza."

Tuliporudi naye nililiondoa lile sharti palepale. Muuguzi akaandika jina lake na kijiji, nafasi ya mume ikabaki wazi, kompyuta ikahifadhi. Presha ilikuwa juu kweli, akapelekwa hospitali mchana uleule. Siku ya tatu habari ikaja: amejifungua salama, yeye na mtoto wazima. Nilikaa kwenye benchi la wajawazito nikacheka huku machozi yananitoka, wagonjwa wakinishangaa.

Baadaye nilihamishiwa mkoani, chini ya Afisa TEHAMA aliyekuwa mkali kuhusu tarehe za kukabidhi kazi. Alinigombeza sana kwa kupoteza wiki nzima nikizungumza na makarani kabla ya kugusa kompyuta. Sikubadilika.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaotaka kusomea fani hii huniuliza nimeandika mifumo mingapi. Ni mingi, na karibu yote imeshabadilishwa. Mimi namshukuru Mungu kwamba siku ile tulimkuta. Ningeweza kustaafu nikilikumbuka jina la Atupele kwa namna nyingine.