Kumsalimia Mwenye Shamba

Nilipokuwa mtoto kule Ngoliba, shule yetu ya upili ilikuwa na madarasa manne, jiko la mabati, na kaburi. Mzee aliyetoa shamba lake shule ijengwe alifariki kabla wanafunzi wa kwanza hawajafika kidato cha nne, akazikwa palepale kando ya ua. Ndipo desturi ikaanza. Siku moja kabla ya mtihani wa taifa, kila mtahiniwa alikwenda kaburini na kikombe cha uji, akataja jina lake na la mzazi wake, akamwaga uji kidogo. Asiyejitambulisha, tuliambiwa, mzee hatamjua, naye ataketi mbele ya karatasi kichwa kitupu. Walimu walijifanya hawaoni, ingawa uji wenyewe ulitoka jikoni mwa shule.

Dada yangu Wambui alikuwa ameokoka. Alikataa katakata.

"Mimi siwezi ongea na mtu amekufa," alisema nyumbani jioni ya kuamkia mtihani wake.

"Si kuongea, ni kusalimia," cucu, nyanya yetu, akamjibu. "Utapita aje kwa shamba ya mtu bila salamu? Utaona kesho."

Mama akaingilia. "Cucu, wachana na mtoto. Sisi tutamwombea."

Basi tukaomba mpaka chakula kikapoa. Mimi nilikuwa kidato cha kwanza, na katikati ya maombi nilifungua jicho nimwone cucu. Hakusema amina. Shida yangu ni kwamba niliwaamini wote wawili. Kwetu hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu, na kila tulipopita Juja mama alituonyesha lango la chuo kana kwamba Wambui tayari yuko ndani.

Kesho yake ilikuwa hesabu. Saa ya chakula nilitumwa nimpelekee githeri, nikamkuta ameketi nje ya darasa.

"Sijaandika kitu, Njeri. Nimeangalia tu hiyo paper mpaka wakaichukua."

Maneno ya cucu yalikuwa yametimia mchana kweupe! Nilitaka kumkimbilia cucu, nikataka pia kumkimbilia mama, nikabaki nimesimama na bakuli kama mjinga. Wambui akainuka, akaenda moja kwa moja mpaka kaburini, bila uji, akapiga magoti. Midomo yake ilicheza kwa muda mrefu. Nilikuwa mbali, sikusikia neno. Aliporudi alikula githeri yote, akaingia kwenye karatasi ya pili, akaandika mpaka akaomba karatasi za ziada.

Alama zake zilimfikisha Juja, ingawa kwa shida. Cucu alisema ni salamu. Mama alisema ni maombi. Kila mmoja alishukuru kwa njia yake, na mimi nimeishi katikati yao miaka yote hii, nikijiuliza Wambui alipiga magoti kwa nani. Cucu alifariki bila kubadilisha neno.

Juzi nilimtembelea Wambui kwake Ruiru. Mwanawe, Kevo, alikuwa anaanza mtihani huohuo kesho yake, na alikuwa amejifungia chumbani. Wambui akikaanga vitunguu, nikaona nimuulize hatimaye.

"Siku ile pale shuleni, ulikuwa unaomba ama ulikuwa unasalimia?"

Akageuza vitunguu kwa mwiko. "Nilikuwa nasema naogopa."

"Ukimwambia nani?"

"Sijui, Njeri. Ni vile huko nyumbani hakukuwa na mtu wa kuambia."

Nimelifikiria jibu hilo hadi kichwa kikaniuma. Jioni ile cucu alionya, mama akaomba, nami nikawatazama wao. Tulimpenda Wambui kupita kiasi, na hakuna aliyemuuliza yuko vipi. Kama ni mzee wa shamba aliyemsikiliza au ni Mungu, bado sijui, na ninapojaribu kuchagua huzidi kuchanganyikiwa.

Wambui alizima jiko, akafuta mikono, akaenda kubisha mlango wa chumba.

"Kevo," alisema polepole, "unaogopa?"

Tulisubiri. Kisha tukasikia kitasa kikizungushwa.