Bushiri na Mtani Wake wa Nzuguni

Mimi nasema wazi: Bushiri alinyang'anywa kiwanja kwa sababu ya adabu. Wapo watakaokwambia ni ujinga. Waache, hawakuishi naye nyumba moja. Mimi Jaha nilipanga chumba jirani na chake, hapa Dodoma mjini, enzi za Mwingereza, na kila jioni nilimsikia akijipikia uji kimya kimya. Mkewe alishafariki, mtoto hawakujaliwa. Alikuwa fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Vithaldas, na hata huko siku nzima ingepita hajasemeshwa ila na mtu wa kupunguza suruali.

Aliyeweza kumchekesha alikuwa Matonya peke yake, Mgogo wa Nzuguni aliyeleta kuni mjini kwa punda. Babu yake Bushiri alikuwa Mnyamwezi, mpagazi wa misafara aliyelowea huku, na Mnyamwezi na Mgogo ni watani. Basi Matonya, ingawa ni mdogo kwake, akifika barazani anaanza na matusi: mtumwa wangu bado hujafa tu? Bushiri anamjibu kwamba sanda yako nimeshaikata, tumbo ndilo linalonisumbua kupima. Wakishatukanana vya kutosha wanakunywa chai pamoja, roho kwatu.

Serikali ilipogawa viwanja vipya upande wa mashariki, Bushiri akapata kimoja. Masharti yake sasa! Huweki hata tofali kabla hujaisawazisha ardhi: nyuma pawe juu, mbele pawe chini, maji ya mvua yateremke mpaka mtaro wa barabarani, yasimwingilie jirani. Mtaro wa mbele ya kwako unauchimba mwenyewe. Na kiwanja ni cha aliyepewa. Ukimpa mtu mwingine kabla ya nyumba kusimama, kinarudi serikalini.

Nilimuuliza, mzee mzima kama yeye anajitesea nini? Akaniambia, "Jaha, nataka nife kwangu. Nisife chumba cha kupanga, watu wakajua kwa harufu." Nikamwambia aache uchuro. Nilipoingia kwangu nililia, maana na mimi nilikuwa na nani?

Ardhi ya huku wakati wa kiangazi ukiipiga sururu, sururu inaruka, na Bushiri mgongo wake ulikwisha pindwa na cherehani. Matonya akatokea na jembe bila kuitwa, akasema hawezi kuacha mali yake ife kabla haijamtumikia. Wakabeba udongo wa kichuguu kwa karai, wakainua upande wa nyuma. Wakawa wanamwaga ndoo ya maji huko juu na kuchuchumaa kuyatazama yanakoelekea. Yakituama, wanatukanana, kisha wanaparua upya. Siku maji yalipokwenda yenyewe mpaka mtaroni, Bushiri alinigongea mlango kuniambia. Hakuwahi kunigongea mlango kabla ya hapo.

Mkaguzi aliyekuja alikuwa Mzungu mgeni. Kiswahili alikijua, watu alikuwa hajatujua bado. Nilikuwapo, nimewapelekea chai. Akautazama mteremko, akaukagua mtaro, akaridhika. Kisha akauliza kiwanja ni cha nani.

Matonya, domo lile halina kufuli, akamwahi mwenzake. "Changu mimi. Huyu mzee ni mtumwa wangu, namlisha tu."

Mzungu hakucheka. Akamgeukia Bushiri, akamuuliza kama ni kweli.

Hapo ndipo ninapomkasirikia mpaka leo. Angesema tu kwamba bwana, huyu ananitania, yangeisha. Lakini mtani hakanushwi mbele ya mgeni. Ukimkanusha umeonyesha kukasirika, na ukikasirika utani umekufa. Bushiri akacheka. "Kweli, bwana. Hata shati hili ni lake."

Kiwanja kikachukuliwa. Walikwenda ofisini wote wawili, Matonya akaapa kwa kila anachokijua, wakaambiwa kauli imeshapokelewa. Kabla ya mvua karani mmoja mgeni akapewa kiwanja kile, akaikuta ardhi tayari, akajenga.

Matonya hakuonekana tena barazani. Kuni akawa anauza upande mwingine wa mji. Bushiri hakulalamikia kiwanja hata siku moja, lakini akipita punda anaacha kushona na kuinua kichwa. Nilichoka kumwona vile. Nikamwambia kama mtani wako haji, mfuate wewe, na mimi nitakusindikiza.

Tukaenda Nzuguni kwa miguu. Tulimkuta Matonya nje ya tembe lake anasuka kamba. Bushiri akasimama mbali kidogo, akakohoa, akalitoa tusi lake kwa sauti yote aliyokuwa nayo: "We mtumwa! Nani amekuruhusu kupumzika?"

Nikangoja lile domo lifunguke. Matonya aliweka kamba chini, akasimama, akavua kofia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee Bushiri."

Bushiri akaitikia, "Marahaba."