Mpimaji wa Boti

Kila asubuhi mpimaji wa gati huingia akigomba. Huzigombeza kamba zilizolegea, huwagombeza paka, kisha humfikia Kemunto, mpishi anayeishi ndani ya boti ya bosi wake hapo Jeddah. "Binti, redio gani hiyo yakoroma kama ngamia?" Utepe wa kupimia huushika kwa vidole viwili, kama aliyekamata nyoka mkiani, na kabla ya kusoma namba hulamba midomo. Mwezi huu ada ya kuegesha imepanda: boti inayozidi mita kumi na mbili italipa maradufu. Bosi ameshasema ikizidi ataiuza, na Kemunto, halas, basi tena, akabanane na wafanyakazi wenzake katika vyumba vya Kandara, mtaa wa humo humo mjini.

Leo mpimaji alikuja na mkubwa wake. Akavuta utepe kutoka omo hadi tezi, akafika kwenye ngazi ya kuogelea iliyochomoza nyuma, akachungulia namba. Halafu akalipuka.

"Binti! Ngazi hii umeianika ikauke? Ikunje, yanizuia njia!"

Kemunto, aliyechoka kugombezwa, akashika kiuno. "Inakuzuia aje na wewe uko huko gatini? Siikunji!"

"Ikunje, nasema! Kisirani we!"

Akaikunja kwa hasira, chuma kikalia. Mpimaji akalamba midomo, akanadi kama muadhini: "Kumi na moja na nusu!" Mkubwa akaandika, akaenda zake. Kemunto akatazama ngazi, akatazama utepe, macho yakamtoka.

"Baba, asante."

"Asante ya nini? Ishushe kabla hajafika ofisini uone kama sijakutosa baharini!"